Mto wa angani si kimbunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo, kwa sisi wasomaji wako tunaoishi pwani ya magharibi ya Kanada, haliwezi kungoja wiki ijayo. Watabiri wa hali ya hewa wametangaza kwamba mto wa angani unaelekea pwani ya British Columbia na jimbo jirani la Washington nchini Marekani, na kwamba utaanza kuigusa milima Jumapili, wakati ambapo milima hiyo imefunikwa na theluji mpya iliyoanguka wiki nzima iliyopita. Tangu habari hizo zitoke, simu yangu haijanyamaza. Ndugu na jamaa wa Moshi, Arusha na Dar es Salaam wananiuliza kama kimbunga kimeshafika, kwa sababu hilo ndilo neno walilolisikia katika baadhi ya vyombo vyetu vya habari vya Kiswahili. Si kimbunga, Mhariri, na ninaamini kwamba kosa hilo la neno moja linaweza kumponza mtu.

Mimi ni mkalimani. Kazi yangu hapa Abbotsford ni kukaa kati ya mzungumzaji wa Kiswahili na daktari, hakimu au mwalimu, nikihakikisha kwamba kila mmoja anamwelewa mwenzake. Novemba 2021 niliifanya kazi hiyo katika kituo cha kupokea watu waliohamishwa na mafuriko, na hapo ndipo nilipogundua kwamba maneno niliyotakiwa kuyasema kwa Kiswahili sikuwa nayo. Mzee mmoja wa Kivu Kusini, aliyekuwa amekaa kwenye kitanda cha kukunja huku viatu vyake vikichuruzika maji sakafuni, aliniuliza ni mvua gani hii isiyokatika. Nikamjibu kwamba wataalamu wanauita mto wa angani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Na huo mto unamwagikia wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, na ndiyo sababu ya barua hii, kwa kuwa mzee yule, ambaye hakuwahi kusoma chochote kuhusu hali ya hewa, aliuliza swali ambalo watangazaji wetu hawajaliuliza.

Mto wa angani ni ukanda mrefu na mwembamba wa mvuke unaosafiri hewani kutoka bahari ya joto ya kitropiki kuelekea nchi za baridi. Upana wake ni kilomita mia chache tu, lakini urefu wake unaweza kufika kilomita elfu kadhaa. Huu unaokuja kwetu unatoka upande wa visiwa vya Hawaii, ndiyo maana wenyeji wa huku huipa mito ya namna hiyo jina la treni ya mananasi. Wanasayansi walianza kuiita mito katika miaka ya 1990, na jina hilo halikutiwa chumvi: mto wa angani wenye nguvu husafirisha mvuke ambao, ukihesabiwa kama maji, ni mara 7 hadi 15 ya maji yanayotoka kwenye mdomo wa mto Mississippi. Kimbunga huzunguka, kina jicho, na tishio lake la kwanza ni upepo. Mto wa angani hauna jicho wala haujifungi mviringo. Unaweza kusimama mlangoni ukatazama nje, ukaona mvua ya kawaida, iliyonyooka, isiyo na radi, ukajiambia kwamba watabiri wamezidisha.

Basi unamwagikia wapi? Unamwagikia mlimani. Mvuke huo ukiwa juu ya bahari unaweza kupita bila kuangusha mvua nyingi, lakini ukifika kwenye safu za milima ya pwani na ile ya Cascade, hewa hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na ikipoa haiwezi tena kubeba ilichobeba. Upande wa mlima unaotazama bahari ndio unaopokea mzigo wote. Novemba 2021 mji mdogo wa Hope, ulioko mahali ambapo bonde la mto Fraser linabanwa na milima, ulipata milimita 174 za mvua kwa siku moja, tarehe 14, na milimita 252 kwa siku tatu. Kwa msomaji wa Dodoma, hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya mvua anayoipata kwa mwaka mzima.

Hata hivyo mvua ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni theluji, na hapo ndipo sisi tuliotoka nchi za joto tunapopotea kabisa. Mimi nimezaliwa Moshi. Theluji niliyokua nikiiona ni ile ya Kibo, ambayo asubuhi ipo na jioni ipo, haishuki kumfuata mtu. Mtoto wa Moshi hafikirii theluji kuwa maji yanayongoja. Huku nimejifunza kuifikiria hivyo hivyo hasa: mlima wenye theluji ni tangi lililojaa, na kinacholifungua ni joto.

Asubuhi ya leo niliinama kwenye rundo la theluji lililosukumwa pembeni mwa maegesho ya magari karibu na ninapoishi. Juu lilikuwa bado jeupe na gumu, lenye ganda lililolia chini ya kidole. Nilipoingiza mkono hadi chini nilikuta uji mzito wa kijivu, na nilipoutoa maji yalikuwa yakinitiririka hadi kwenye kiwiko, ingawa mvua ilikuwa haijaanza. Theluji hunyonya maji kama sifongo. Kwa saa za mwanzo hupokea mvua na kuizuia, kiasi kwamba mito hupanda polepole na watu hupumua. Kisha hushiba, na kuanzia hapo haizuii tena kitu, bali huachia mvua inayonyesha pamoja na maji yake yenyewe.

Wengi hudhani kwamba mvua ndiyo inayoiyeyusha. Nilidhani hivyo pia, mpaka nilipopata kazi ya kutafsiri katika mkutano wa wananchi ambamo mtaalamu mmoja wa mito alieleza hesabu yenyewe. Milimita 100 za mvua yenye nyuzijoto 10 haziwezi kuyeyusha zaidi ya milimita 13 hivi za maji kutoka kwenye theluji. Joto lililomo ndani ya mvua ni dogo mno. Mwuaji hasa ni upepo wa joto wenye unyevu. Mvuke unapogusa theluji baridi na kugeuka kuwa maji, huachia joto ambalo ulilibeba tangu baharini, na gramu 1 ya mvuke huachia joto la kutosha kuyeyusha zaidi ya gramu 7 za barafu. Mto wa angani, kwa hiyo, unaleta mvua na moto wa kuyeyushia theluji kwa pamoja.

Jambo la tatu alilolieleza ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni kimo ambacho juu yake hunyesha theluji na chini yake hunyesha mvua. Kwa kuwa sijakuta neno la Kiswahili lililokubalika, mimi hukiita mpaka wa theluji. Katika wiki ya baridi kama hii iliyopita mpaka huo unaweza kuwa mita mia chache tu kutoka usawa wa bahari, na kila kinachoanguka juu yake hubaki mlimani hadi masika. Mto wa angani unapofika, mpaka huo unaweza kupanda kwa siku moja ukapita mita 2,000. Ina maana kwamba miteremko iliyokuwa ikihifadhi maji sasa yote inayateremsha kwa wakati mmoja, na mto ule ule, kwa mvua ile ile, unapokea maji kutoka eneo kubwa zaidi. Utabiri ukikupa milimita za mvua bila kukuambia mpaka wa theluji utafika wapi, haujakueleza mafuriko yatakuwaje.

Juzi jirani yangu, mama wa Kikongo aliyelelewa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma na ambaye sasa anapanga vyumba vya chini ya ardhi na watoto wake, alinikuta nje akafurahi sana. "Dada, umesikia redio?" aliniambia. "Jumapili baridi inaisha. Mvua ya joto inakuja." Alikuwa amesikia sawasawa. Redio ilisema kwamba joto litapanda, na mwanamke ambaye kwa wiki nzima amekuwa akiwafunga watoto nguo tatu tatu alisikia habari njema. Sikumcheka, kwa sababu hata mimi mwaka wangu wa kwanza huku ningefurahi. Katika lugha yetu mvua ya joto haijawahi kuwa onyo, na hakuna aliyemwambia kwamba kwenye milima yenye theluji joto la ghafla ndilo la kuogopwa.

Wasomaji wanaotaka kujua lililotokea mwaka 2021 naomba wanivumilie, kwa kuwa nililiona. Mto Nooksack, ulioko upande wa Marekani, ulifurika karibu na mji wa Everson. Badala ya maji yote kufuata mkondo wake kwenda baharini, sehemu yake ilielekea kaskazini, ikapita mji wa Sumas, ikavuka mpaka wa nchi mbili na kuingia katika uwanda wa Sumas hapa Abbotsford. Uwanda huo, ambao leo ni mashamba ya maziwa, kuku na matunda, ulikuwa ziwa hadi mwaka 1924, lilipokaushwa na walowezi ili wapate ardhi, na watu wa asili wa Semá:th wakapoteza samaki waliowalisha vizazi na vizazi. Maji yalijua njia ya kurudi nyumbani. Tarehe 16 Novemba tuta la mto Sumas lilibomoka, na usiku huo jiji likatangaza kwamba kituo cha pampu cha Barrowtown, ambacho ndicho pekee kinachouzuia uwanda ule usirudi kuwa ziwa, kiko karibu kuzidiwa. Watu wa kujitolea walijipanga gizani wakipokezana viroba vya mchanga mpaka alfajiri, na kituo kikaokoka. Wafugaji waliwavuta ng'ombe kwa kamba, mmoja mmoja, nyuma ya mashua. Kuku wapatao 628,000, nguruwe 12,000 na ng'ombe wa maziwa 420 walikufa. Baadhi ya Waswahili niliowahudumia kituoni walikuwa vibarua wa mabanda yale ya kuku, na swali lao la kwanza halikuwa kuhusu nyumba zao bali kama kesho kutakuwa na kazi.

Huko milimani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mji wa Merritt, wenye watu 7,000 hivi, ulihamishwa wote baada ya mto Coldwater kuingia katika mtambo wa majitaka. Barabara na reli zote zinazounganisha Vancouver na sehemu nyingine za Kanada zilikatika, na petroli ikagawiwa lita 30 kwa gari. Katika barabara namba 99, sehemu ya Duffey Lake, udongo uliporomoka juu ya wasafiri na watu 5 wakapoteza maisha. Msomaji wa Hanang anayeikumbuka asubuhi ya Desemba 3, 2023 pale Katesh hahitaji kuelezwa mlima ulioshiba maji unafanya nini. Nisisahau pia kwamba majira ya joto ya mwaka ule ule wa 2021 yalikuwa na joto lisilowahi kupimwa Kanada, nyuzijoto 49.6 katika kijiji cha Lytton, ambacho siku ya pili yake kiliteketea, na miteremko mingi iliyoungua haikuwa tena na miti wala majani ya kuushika udongo mvua ilipofika.

Sitaki kuwatisha watu kupita kiasi. Kati ya asilimia 30 na 50 ya mvua na theluji ya mwaka katika majimbo ya magharibi ya Marekani yaliyoko pwani huletwa na mito hii hii, na bila hiyo mabwawa yangekauka. Mwaka 2019 wanasayansi wakiongozwa na Marty Ralph wa Taasisi ya Scripps huko San Diego walitoa kipimo cha ngazi 5, ambacho ngazi ya kwanza huleta neema zaidi kuliko madhara na ya tano huleta madhara zaidi kuliko neema. Kipimo hicho huangalia wingi wa mvuke na muda utakaokaa mahali pamoja. Kwa hiyo mwandishi wa habari anaweza kumwambia msomaji ngazi ni ipi, badala ya kumtupia neno kimbunga na kumwacha abahatishe.

Sasa nije kwenye ombi langu, Mhariri. Mwaka 2021 mfumo wa serikali wa kutuma tahadhari kwenye simu za mkononi haukutumika katika mafuriko yale, na jambo hilo lililalamikiwa sana. Siku hizi simu hulia, lakini hulia kwa Kiingereza, pengine na Kifaransa. Mtu wa Nyarugusu au wa Kakuma anamsubiri mwanawe arudi kutoka shule amsomee, au ananipigia mimi. Na mimi nikitafsiri haraka haraka hukwama kwenye maneno mawili ambayo hapa yana maana tofauti kabisa kisheria. Kuna tangazo linalosema ujiandae, ufungashe, uwe tayari kuondoka wakati wowote. Kuna lingine linalosema uondoke sasa hivi. Nimesikia wakalimani wenzangu wakiyaita yote mawili tahadhari ya kuhama, na nimeona familia moja ikibaki nyumbani kwa muda wa saa nne baada ya kuamriwa kutoka, kwa sababu tahadhari ya kwanza ilipita bila tatizo nao wakadhani hii ya pili ni hiyo hiyo. Walitolewa kwa mashua, baba akiwa na mtoto mabegani. Tangu hapo mimi husema "jiandae kuhama" na "hama sasa", wala siongezi neno.

Kwa upande wa mito yenyewe hatuhitaji kubuni kitu. Kituo cha Utabiri wa Mito cha British Columbia hutoa matangazo ya ngazi tatu: mto unapanda, mto unaweza kuvuka kingo, mto umevuka au uko karibu kuvuka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imekwisha kutuzoesha angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, maneno ambayo mvuvi wa Mafia na mkulima wa Kilosa wanayajua. Gazeti lako likiyatumia maneno hayo hayo kwa mpangilio huo huo kila linapoandika habari za huku, nasi tukayatumia hayo hayo kwenye vituo vya mapokezi, mtu atakuwa ameshayazoea kabla hajayasikia usiku kwenye kipaza sauti.

Ninaomba vilevile kwamba habari ya dhoruba hii isiandikwe kana kwamba ni ajabu ya Wazungu ya mbali. Waswahili wapo katika bonde hili, wapo Surrey, na ng'ambo ya mpaka wapo Kent na Seattle. Wengi wao, kwa kuwa kodi ni ghali, wanaishi katika vyumba vya chini ya ardhi, ambavyo ndivyo maji huingia kwanza. Kwa hao ninasema yafuatayo. Leo, kabla mvua haijaanza, toka na reki ukaondoe majani ya miti yaliyoziba chujio la mtaro mbele ya nyumba yenu. Ni majani tu, lakini nimeona mtaa mzima ukifurika kwa sababu yake. Hati za uhamiaji na dawa zifungwe kwenye mfuko wa plastiki na ziwekwe mahali pa juu. Ukilazimika kusafiri ukakuta foleni imesimama chini ya mteremko wa mlima, usizime gari ukangoja; geuza urudi. Na wewe uliye nyumbani Tanzania, Kenya au Kongo, ukimpigia ndugu yako Jumapili, muulize mpaka wa theluji umefika wapi na kama mto ulio karibu naye una angalizo au tahadhari. Swali hilo litamfanya aende akatafute jibu.

Niliyemtaja, mama wa Nyarugusu, nilikaa naye jana jioni nikamweleza haya yote kwa Kiswahili chetu, nikitumia bakuli la barafu kutoka kwenye friji na birika la maji ya uvuguvugu. Aliitazama barafu ikilegea, akauliza swali moja tu, kwamba mto ulio nyuma ya shule unatoka kwenye mlima gani. Nilimwonyesha dirishani. Kilele kilikuwa cheupe, na mstari wa weupe ulikuwa chini sana, karibu na paa za nyumba za mwisho. Leo baada ya kazi tunapandisha godoro la watoto na gunia la unga kwa mwenye nyumba, aliyekubali kutupa nafasi kwenye varanda ya juu. Barua hii ninaituma kabla sijatoka, nikiomba ichapishwe kabla ya Jumapili.

Msomaji wako,
Abbotsford, British Columbia, Kanada